Kupunguza miti kwenye msitu wako mdogo, na la kufanya mti unaponasa

Mwanzoni mwa mwaka nilimsaidia rafiki aliyerithi msitu mdogo, haufiki hekta moja. Miti ilikuwa imesongamana, mirefu na myembamba kama fito, na chini giza tupu, hata nyasi hazioti. Aliniuliza aanze kukata wapi. Nikamwambia tuanze kwanza na miti ya kubaki.

1. Hesabu

Chukua kamba ya mita 5.64. Mmoja asimame katikati akishika ncha moja, mwingine azunguke na ncha ya pili kamba ikiwa imekazwa. Duara hilo lina mita za mraba 100, kwa hiyo idadi ya miti iliyomo ukiizidisha kwa 100 unapata miti kwa hekta. Rudia sehemu tano au sita, na kila katikati pigilia kigingi. Sisi tulipata wastani wa miti 24, yaani 2,400 kwa hekta. Kila mti ulikuwa na nafasi ya kama mita mbili kwa mbili tu.

2. Funga kitambaa kwenye miti ya kubaki

Tafuta shina lililonyooka, lisilo na jeraha, lenye matawi mabichi yanayochukua angalau theluthi ya urefu wa mti. Mti uliobakiwa na majani kileleni tu hauchangamki upesi hata ukipewa nafasi. Natumia kitambaa, sitaki rangi, kwa sababu kitambaa unaweza kukifungua ukibadili uamuzi, na utabadili mara nyingi.

Kisha simama chini ya kila mti wenye kitambaa, uangalie juu. Jirani mmoja au wawili wanaogombania nao mwanga ndio wa kuondoka. Usiwe na pupa: miti iliyokua kwa kusongamana hukingana na upepo, ukiifungulia ghafla huanguka. Safu ya ukingoni iache, hiyo imeshazoea upepo. Mti mkavu uliosimama mbali na njia uache pia, kwa sababu ndege na popo hukaa kwenye mashimo yake. Na kabla ya kugusa mti wowote, angalia kama una kiota.

3. Kata

Kwa shina jembamba kuliko sentimita 15 natumia msumeno wa mkono wa upinde, na sioni sababu ya chenso, yaani msumeno wa injini. Unausikia mti ukianza kulia, na unapata muda wa kufikiri. Chenso ni ya aliyefundishwa na mtu, mwenye kofia ngumu na kinga ya macho, masikio na miguu.

Safisha njia ya kukimbilia, nyuma kwa mshazari. Wengine wote wakae mbali kwa urefu wa miti miwili. Kata mdomo, yaani pengo la kabari, upande wa kuangukia, kina cha robo ya unene, kisha ukate kutoka nyuma ukiacha bawaba, ukanda wa mti usiokatwa, wa kama sehemu moja ya kumi ya unene. Bawaba ndiyo inayouongoza mti, usiikate yote.

4. Mti ukinasa

Mti hunasa pale unapoukata ukaegemea matawi ya mwingine badala ya kufika chini. Kwenye msitu uliosongamana hili litakupata. Miaka kadhaa iliyopita mti mmoja mwembamba ulinishika tangu asubuhi hadi alasiri, na nusura nifanye kosa linaloua watu: nilianza kukata mti ulioushikilia. Mwenzangu alinivuta mkono.

Usipite chini yake. Usiupande. Usikate ulioushikilia, wala usiangushie mwingine juu yake. Usikate shina vipande vipande kutoka chini, maana kila kipande kikitoka mti husimama wima zaidi na unaweza kukurudia.

Anza kwa kuuviringisha. Punguza bawaba upande mmoja ubakize kona ndogo, funga mkanda imara kwenye shina, pitisha kwenye mkanda fito imara ya kuwa wenzo, usukume. Uviringike kwenda upande ambao wewe haupo.

Ukigoma, vuta kitako chake kurudi nyuma kwa winchi ya mkono, iliyofungwa chini kabisa ya mti mnene kwa mkanda mpana usiochubua gome. Pitisha kamba kwenye kapi ili wewe uwe pembeni, si kwenye mstari wa mti. Asisimame mtu karibu na kamba iliyokazwa, ikikatika hupiga kama fimbo.

Kilichonila saa zote zile ni kitu kidogo: kitako kilikuwa kimezama kwenye udongo, na kila nikivuta kinachimba zaidi. Dawa ni kulaza fito mbili laini mbele yake, upande kinakovutwa, kama reli, ili kitako kipande juu yake na kuteleza. Zilaze kabla kamba haijakazwa, ukiwa pembeni, na kitako ukiinue kwa wenzo mrefu, si kwa mikono.

Jioni ikikukuta, zungushia kamba ya rangi kali, waambie wote wanaopita hapo, urudi kesho na mtu mzoefu. Usiuache bila alama hata kwa saa moja.

Ili mti usinase tena, anzia kwenye uwazi au njia, na kila mti uangukie pengo la uliotangulia.

5. Kuni na matawi

Pasua, panga juu ya vipingili zisiguse ardhi, funika juu tu, pembeni upepo upite. Zinafaa kuwashwa unyevu ukishuka chini ya asilimia 20. Matawi yarundike yaoze, usiyachome.

6. Kaa

Gogo moja nene tuliliacha penye pengo kubwa zaidi, likawa kiti. Rafiki yangu hukaa hapo asubuhi kabla ya kazi, na juzi ameniambia miche ya aina tatu imeota miguuni pake. Ukikaa chukua daftari, andika kinachoota na mwanga unapofika. Vile vigingi vya duara usiving'oe, utavihitaji ukihesabu tena.