Kubadilisha hita ya maji bila kuua silingi: ninavyofanyaga hapa Mwanza

Wakuu, nimetoka Buhongwa kumsaidia jamaa kubadilisha hita yake ya lita 50, jipsamu ya korido ilishaanza kubonyea na doa la kahawia limetambaa mpaka sebuleni, nikaona hii kitu niiandike tu maana maswali nayoulizwaga ni yaleyale. Naongelea hita ya tanki, ile ya kufunga ukutani. Shawa ya umeme ina mambo yake, siigusi hapa.

Kabla hujanunua

Lita 50 zikijaa ni kilo 50 za maji, bado uzito wa hita yenyewe, so angalia ukuta kwanza. Kama ni bloku zenye matundu usidanganyike na plagi za plastiki, toboa mpaka upande wa pili upitishe bolti ndefu na washa pana. Ukuta wa tofali za kuchoma uliojengwa vizuri, bolti za kupanuka zinatosha.

Saizi: watu wanne lita 50 inatosha kabisa. Maji ya ziwa yanatufikia yakiwa nyuzi 24 au 25 hivi, sio kama wenzetu wa Njombe, na kuyapeleka mpaka 60 kwa tanki la lita 50 ni kama uniti 2 tu za LUKU. Anayekuuzia lita 100 kwa familia ndogo anatafuta hela yake.

Na tafadhali hita isiwekwe darini. Najua inapendeza ikifichwa, ila mimi kazi hiyo naikataaga. Ikivuja juu ya silingi utajua siku bodi imedondoka. Iweke bafuni, ukutani, chini yake kuwe na sakafu yenye shimo la maji.

Hatua ya 1: umeme

Zima breka, sio swichi ya ukutani peke yake, halafu pima kwa testa kwenye nyaya zenyewe za hita. Kuna watu wanasemaga "LUKU imeisha, fungua tu". Mtoto akinunua uniti akaingiza namba wewe umeshika nyaya itakuwaje?

Hatua ya 2: maji

Funga maji. Nyumba nyingi hapa zina njia mbili, ya MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza) na ya simtanki, funga zote. Fungua koki ya maji ya moto ili hewa iingie, valisha mpira kwenye tundu la valvu ya usalama (kidude cha shaba kwenye bomba la baridi, nakielezea hatua ya 4), nyanyua kile kishikio chake, maji yatoke nje. Kama hita ilikuwa imewaka subiri ipoe, hayo maji yanaunguza.

Hatua ya 3: shusha ya zamani, pandisha mpya

Mshike watu wawili. Hakikisha imekaa levo.

Hatua ya 4: mabomba, na hapa kaa chini usome

Bluu ni maji ya baridi kuingia, nyekundu ni ya moto kutoka. Bomba tumia PPR (bomba la plastiki linalohimili maji ya moto) ya PN20 na yunioni, yaani kiungo kinachofunguka, kila upande, ili siku nyingine fundi asikate bomba. Fleksibo za kusukwa mimi sizipendi, mpira wa ndani ukizeeka inapasuka usiku watu mmelala. PVC ya kawaida kwenye maji ya moto usijaribu. Tredi tepu zungusha kufuata uelekeo wa uzi, mizunguko 12 mpaka 15, ukizungusha kinyume inajikunja yote ukikaza.

Sasa valvu ya usalama. Ni kile kidude cha shaba kinachokuja ndani ya boksi, kina mshale na kishikio kidogo, kimeandikwa 0.8 MPa, ambayo ni presha ya bar 8. Mshale uelekee kwenye hita. Kinakaa upande wa bluu, moja kwa moja kwenye hita, na katikati yake na hita KUSIWE na koki yoyote. Koki ya kufungia maji ikae kabla ya valvu. Ukiweka koki katikati mtu akaifunga, hita inabaki inachemsha ikiwa imezibiwa pumzi.

Halafu hiki kidude kitadondosha maji. Hapa ndo simu zinapoanzaga, "fundi, umenifungia hita mbovu bhana, inavuja". Haivuji. Maji yakipata moto yanatanuka, lita 50 zikitoka nyuzi 25 mpaka 75 zinaongezeka kama lita moja, na kwa kuwa valvu hairuhusu maji kurudi nyuma kwenye bomba, hiyo lita lazima itoke mahali. Inatoka kwenye kale katundu. Ni kazi yake.

Shida ni kwamba mwenye nyumba anaona tone, anaita kijana wa jirani, kijana anaziba tundu kwa plagi au anaitoa valvu kabisa anaweka nipo (kipande kifupi cha bomba chenye uzi). Tone linaisha, wote wanafurahi. Presha yote inarudi kwenye tanki na kwenye maungio ya ndani ya ukuta, na hapo ndo utavujiwa kweli, na kama kidhibiti joto nacho kimeganda hita inaweza kulipuka. Hiyo ya Buhongwa ndo ilikuwa imezibwa hivyo, iko darini, tanki limeachia kwenye mshono wa chini.

Kwa hiyo usizuie tone, litafutie njia. Valisha kampira kwenye tundu, kateremke muda wote bila kupanda, mwisho wake uwe wazi, unaonekana, uishie kwenye shimo la bafuni au nje ya ukuta. Usifunge koki mwishoni na usichovye kwenye maji.

Ila sio kila tone ni salama, kuna namna ya kujua. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu, itege chini ya kampira:

Likidondoka wakati hita inachemsha tu, likakoma baada ya hapo, na chupa haijafika lita moja na kitu, tulia.

Likidondoka hata hita ikiwa imezimwa, hasa usiku au alfajiri, presha ya bomba ni kubwa. Mji wetu ni milima, kila mita 10 za kimo ni bar 1, so aliyeko bondeni mbali chini ya tanki la mtaa anapokea presha ya kutisha usiku watu wakiwa hawachoti. Funga valvu ya kupunguza presha karibu na mita, iseti bar 3.

Likidondoka hita ikiwa imezimwa na wewe unatumia simtanki tu, basi sio presha, mnara wa mita 5 unatoa nusu bar. Ni uchafu umekaa kwenye kiti cha valvu: mchanga, kutu, au yale mabaki ya PPR fundi alipokata bomba asilisafishe. Nyanyua kishikio mara kadhaa maji yapite kwa nguvu. Isipoacha nunua mpya, usifungue kuikarabati.

Hatua ya 5: jaza kwanza

Fungua koki ya moto, fungua maji, ngoja ikohoe hewa yote mpaka maji yatoke mfululizo. Ndo uwashe. Ukiwasha tanki likiwa tupu elementi inaungua fasta, na muuzaji hapokei hiyo.

Hatua ya 6: kuunganisha umeme

Mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Waya wa milimita 2.5 za mraba, swichi ya poli mbili (inayokata nyaya zote mbili), na ethi inayofika ardhini kweli, sio ule waya wa kijani uliokatwa ukafichwa ukutani.

Baada ya hapo

Kila mwezi nyanyua kishikio cha valvu sekunde chache kisigande. Kila mwaka au miwili fungua uangalie ile fimbo ya magnesiamu ndani, ikibaki waya mtupu badilisha, maana ndo inaliwa na kutu badala ya tanki. Kama hita yako iko darini na huwezi kuihamisha leo, kunja trei ya bati iwekwe chini yake, itoboe utoe bomba la nusu inchi mpaka nje juu ya dirisha, mahali ambapo maji yakidondoka utayaona. Ukisafiri kwenda Ukerewe wiki nzima, zima breka na ufunge koki ya hita.

Na ukihisi kuna maji yanapotea ndani ya ukuta, usiku funga koki zote za kuchotea maji (ya hita iache wazi), zuia na bomba la kwenda simtanki, soma mita, lala. Asubuhi ikiwa imesogea, funga koki ya hita peke yake, uangalie kakidude kadogo kwenye mita: kakisimama ni upande wa hita, kakiendelea kuzunguka anza na choo.