Mishipa ya shingo imebana kulia na kushoto? Fanyeni hivi kabla ya oparesheni

Mzee wangu alivyopigwa ultrasaundi ya shingo tukaambiwa karotidi zote mbili, ile mishipa mikubwa ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo, zimebana, sisi tukauliza si wamalizie zote siku moja tu arudi nyumbani. Hapana jamani, zinafanywa kwa zamu, na hilo mlielewe kabla hamjasaini fomu.

Mara nyingi unaanza upande ulioleta dalili. Mkono wa kulia ukiishiwa nguvu ujue shida iko kushoto, ila jicho likiingia giza kama limeshushiwa pazia ni upande huohuo wa jicho. Na msikae eti dalili zimeisha zenyewe baada ya dakika kumi, oparesheni inafaa ifanyike ndani ya wiki 2. Utafiti wa NASCET wa 1991 uliangalia wenye dalili ambao mshipa umebana asilimia 70 mpaka 99, ndani ya miaka 2 waliopewa dawa peke yake asilimia 26 walipata kiharusi cha upande ule, waliopasuliwa ni asilimia 9.

Siku yenyewe mshipa unabanwa kwa muda, unachanwa, yale mafuta yaliyoganda yanatolewa halafu unashonwa, mara nyingi na kiraka. Muda huo ubongo unategemea upande wa pili ambao nao umebana, kwa hiyo muulizeni daktari atajuaje damu inafika na kama ataweka mrija wa kupitishia damu. Aspirini msiache kichwa kichwa, muulizeni kwanza.

Akirudi nyumbani mpimeni presha kila siku. Kichwa kikiuma sana upande uliopasuliwa, au degedege, au shingo ikavimba na pumzi ikawa ya shida, hospitali saa hiyohiyo, usiku usiku.

Sasa upande wa pili. Subirini wiki kadhaa, na kama haujawahi kuleta dalili ulizeni kama dawa zinatosha. Pembeni ya huo mshipa kuna neva ya sauti, ikiumia upande mmoja sauti inakwaruza na wengi inarudi, zikiumia zote mbili njia ya hewa inaweza kuziba. Kwa hiyo ombeni daktari wa koo achungulie nyuzi za sauti kwa kamera hata kama mgonjwa anaongea vizuri, maana uzi mmoja unaweza kulala na usisikie tofauti. Wa mzee ulikuwa umelala kweli, tukasubiri mpaka ukacheza tena. Ukigoma kabisa ulizieni stenti, kijibomba cha wavu kinachopanua mshipa kwa ndani, hiyo inapitishwa pajani haigusi neva za shingo.