Somo: Kumchagulia mgonjwa wetu watu wa tiba shufaa, Unguja na Pemba

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya familia ambayo imeshaelezwa na daktari kwamba maradhi ya mgonjwa wao hayatapona, na sasa inatafuta nani wa kumhudumia katika muda uliobaki. Huduma hiyo inaitwa tiba shufaa: inatuliza maumivu, kichefuchefu, kuhema kwa tabu, vidonda na hofu, na inawasaidia pia wanaomuuguza, bila ya kudai kwamba itauondoa ugonjwa wenyewe. Nyumba maalumu za wagonjwa wa namna hii, yaani hospisi, zilipata umaarufu baada ya Cicely Saunders kuifungua St Christopher's mjini London mwaka 1967. Katika Afrika Mashariki, Nairobi ilipata hospisi yake mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993, na ile ya Kampala ilijenga kazi yake juu ya morfini ya maji, dawa ya maumivu makali ambayo mgonjwa huinywa akiwa kwake kijijini. Njia hiyo ya Kampala ndiyo inayotufaa sisi, kwa sababu wagonjwa wetu wengi wanauguzwa nyumbani, na nyumbani ndipo wanapotaka kuwa. Kwa hiyo msitafute jengo zuri. Tafuteni watu watakaofika kwenu, dawa ya maumivu isiyokatika, na simu inayopokelewa usiku.

Hatua ya 1: Pateni maelezo ya daktari kwa maandishi

Ombeni karatasi inayotaja jina la maradhi, yamefikia wapi, dawa anazotumia na vipimo vyake, dawa zinazomdhuru, na matibabu ambayo daktari haoni tena faida yake. Mgonjwa wa saratani aliyerudi kutoka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akiwa na karatasi hiyo, daktari wa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au ya Abdalla Mzee kule Mkoani, Pemba, ataendelea pale wenzake walipoishia. Bila ya karatasi, uchunguzi huanza upya, na mgonjwa hana tena nguvu za kuanza upya.

Hatua ya 2: Muulizeni mwenyewe

Ikiwa akili yake iko timamu, aulizwe anataka kuwa wapi, anataka kujua kiasi gani kuhusu hali yake, na nani amshughulikie mwilini. Tuna mazoea ya kumficha mgonjwa kwa huruma, na huruma hiyo mara nyingi humwacha peke yake na jambo ambalo ameshalijua.

Hatua ya 3: Ulizeni habari za morfini kabla ya jambo jingine lolote

Hapa ndipo mtoa huduma anapojulikana. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba maumivu ya saratani yatibiwe kwa ngazi: parasetamoli na dawa za jamii yake kwanza, kisha dawa za kati kama kodeini, na maumivu makali yatibiwe kwa morfini. Mtu anayesema anatoa tiba shufaa lakini hana njia ya kuipata morfini atawasaidia kufunga vidonda na kuwaliwaza, na hayo si madogo, ila maumivu yakipanda usiku wa manane atakuwa hana la kufanya.

Muulizeni haya. Ni daktari gani mwenye idhini ya kuiandika, maana dawa hii inadhibitiwa na sheria? Inachukuliwa katika famasi ya hospitali gani, na mnapewa ya siku ngapi? Ikiwa dawa inavuka bahari, chupa isiachwe ikabaki ya siku mbili wakati wa kusi, kwani boti ikiahirishwa mgonjwa ndiye atakayeumia. Je, anawapa pamoja nayo dawa ya kulainisha choo? Morfini hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia, na anayeiandika bila ya kulitaja hilo hajaizoea. Je, amewaeleza kwamba morfini ya maji ya kawaida hunywewa kila baada ya saa nne kwa kufuata saa, bila ya kusubiri maumivu yarudi, na kwamba kuna dozi ya ziada kwa maumivu yanayochomoza katikati? Je, ameuliza kuhusu figo? Figo zikiwa dhaifu, dawa hujikusanya mwilini, na kipimo lazima kibadilishwe.

Majibu yakiwa ya kusitasita, endeleeni kutafuta.

Hatua ya 4: Pimeni masafa, na pimeni usiku

Muuguzi hodari anayekaa mjini hamfai sana mgonjwa wa Kojani au Tumbatu, ambako kufika kwenyewe ni kwa chombo. Muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu nanyi, akielekezwa kwa simu na daktari wa hospitali ya wilaya, anaweza kuwafaa zaidi. Ulizeni nani atapokea simu saa nane za usiku, na msiridhike na jibu la “tupigieni tu”. Mtakeni jina na namba, kisha ipigeni namba hiyo usiku mmoja kabla hamjaihitaji. Wengine wataona ni ukosefu wa adabu, lakini mimi naona ni haki ya mgonjwa. Mjulisheni pia mhudumu wa afya wa jamii katika shehia yenu, kwani yeye huwa wa kwanza kufika.

Hatua ya 5: Stara na ibada

Bibi wa miaka sabini asilazimishwe kuoshwa na kijana wa kiume ikiwa mwanamke anaweza kupatikana. Mtoa huduma ajue namna ya kumsaidia mgonjwa mwenye mpira wa mkojo kujitayarisha kwa sala, akubali kitanda kigeuzwe kuelekea kibla, na asione Yasini inayosomwa chumbani kuwa ni kizuizi cha kazi yake.

Hatua ya 6: Gharama

Ulizeni bei ya kila ziara, pampasi na vifaa vya vidonda. Kama mgonjwa ni mwanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulizeni mfukoni humo kinacholipiwa kabla ya kutia saini popote.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

Mwanachama wa Wete: Assalamu alaykum. Mama yangu ana saratani ya kizazi na anaikataa morfini. Anasema ni kilevi na itamuua upesi.

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Mpe heshima hofu yake, wala usimtilie dawa kwenye uji kwa siri. Morfini inayopimwa kulingana na maumivu haimharakishii mtu kifo. Usingizi wa siku za mwanzo kwa kawaida hupungua, na mgonjwa aliyetulia huweza kuzungumza na kusali kuliko anayegugumia kwa maumivu. Kuhusu uhalali, mwombe sheikhe anayemwamini aje amweleze hukumu ya dharura. Neno lake litamwingia kuliko langu au lako. Na kama vidonda vinatoa harufu inayomfanya awafukuze wageni, mwulize muuguzi kuhusu vidonge vya metronidazoli vinavyosagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda. Dawa hiyo si ya bei kubwa, na huwarudisha watu kando ya kitanda.

Mwanachama wa Jang'ombe: Baba hali chakula tena. Zahanati moja inataka kumtundikia dripu nyumbani kila siku. Tukikataa, hatutaonekana tumemwacha afe kwa njaa?

Jibu: Mwili unaokaribia mwisho huacha kudai chakula wenyewe, na maji ya mshipani katika hali hiyo mara nyingi huishia kwenye miguu iliyovimba na kifua kinachokoroma. Muulizeni daktari, na si mwenye zahanati, dripu hiyo itamwondolea baba tabu gani aliyonayo leo. Ikiwa hana jibu, mloweshe midomo kwa kitambaa safi kila mara, mpeni mafunda madogo akitaka, na mgeuzeni kila saa mbili asipate vidonda vya kulalia.

Mwanachama wa Makunduchi: Ndugu zetu walioko Muscat wanataka kumpeleka kaka India, na wao ndio wanaotoa fedha. Sisi tunaomuuguza tunaona hataweza safari.

Jibu: Watumieni ile karatasi ya hatua ya kwanza, kisha daktari azungumze nao mwenyewe kwa simu, nyote mkisikiliza. Aulizwe swali moja: matibabu ya huko yatabadilisha nini ambacho hakiwezi kubadilishwa hapa? Wakati mwingine safari ina maana. Maumivu ya saratani iliyoingia mifupani, kwa mfano, yanaweza kupungua sana kwa mionzi ya mara moja tu, na hiyo hupatikana Ocean Road bila ya kwenda India. Fedha ikibaki, kuna wauguzi wa kulipwa na godoro la kununuliwa, na waambieni wazi kwamba kaka angependa kuwaona wakiwa bado anawatambua.