Umeripoti uovu kazini wakaanza kukuandama: siku 30 ni zako, usizichezee

Naandika hii kwa wenzangu wa viwanda vya Pongwe, wa bandarini, wa mkonge kule Muheza na Korogwe, na hata nyie wa maduka ya Ngamiani. Mtu anaripoti wizi au makato yasiyofika, anafukuzwa, halafu anakaa mwezi mzima anatuma wazee wakamuombee msamaha kwa bosi. Wazee wanarudi na "subiri kidogo". Huko kusubiri ndiko kunakoua kesi nyingi, na inaniuma sana maana wengi walikuwa na haki kabisa.

Mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye ghala moja hapa Tanga mjini. Nikagundua mchango wangu wa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, unakatwa kila mwezi kwenye mshahara lakini kule haufiki, nikaenda NSSF nikaeleza. Wiki mbili hazijaisha nikahamishiwa shifti ya usiku, mara nikaambiwa kuna viroba vitatu vya unga havionekani na mwenye funguo ni mimi. Siku ya mwisho meneja kaniita ofisini, mezani bahasha ya kaki, ndani barua mbili. Moja ya kunifukuza. Nyingine ya kujiuzulu, imeshachapwa tayari, jina langu limekosewa herufi, imebaki saini tu. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, saini hii ya kujiuzulu uondoke kwa heshima, nikupe na cheti kizuri cha kazi."

Usisaini. Hata kama unalia, hata kama wamekufungia mlango. Ukisaini umeondoka kwa hiari yako, na utahangaika sana kuthibitisha ulilazimishwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakubali kwamba mtu akijiuzulu kwa sababu mwajiri kamfanyia kazi isikalike basi hiyo nayo ni kuachishwa, lakini mzigo wa kuonyesha hivyo unakuwa wako, wakati ukifukuzwa waziwazi mwajiri ndiye anatakiwa athibitishe kwamba sababu yake ni halali. Na cheti cha utumishi si zawadi, ni haki yako kisheria ukiachishwa kazi. Barua ya kufukuzwa ipokee, kama wanataka saini andika "nimepokea, sikubaliani" na tarehe.

Sheria hiyohiyo inasema si sababu halali kumfukuza mtu kwa kuwa ametoa taarifa ambayo sheria inamruhusu au inamtaka aitoe. Ipo pia sheria ya 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi, hiyo inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka inayohusika. Kwa mamlaka, jamani, sio status ya WhatsApp. Rushwa peleka TAKUKURU, namba yao ni 113 na ni bure, usalama wa mashine na kemikali peleka OSHA, makato peleka NSSF. Ukimwaga nyaraka za ofisi mtandaoni unampa mwajiri silaha ya kukupiga nayo.

Ushahidi chukua ulio wako: mkataba, salari slipu, barua za onyo, meseji ulizotumiwa wewe, na simu yenyewe usiiuze wala kuifomati. Makabrasha ya wateja au leja nzima ya ofisi usibebe, watasema umeiba. Mimi nilikuwa na daftari dogo la mistari, kila tukio naandika tarehe, saa, nani kasema nini na nani alikuwepo. Lile daftari lilinisaidia kuliko maneno yangu yote, maana meneja alikuwa anabadilisha tarehe kila akiulizwa.

Ukiitwa kikao cha nidhamu, unatakiwa upewe tuhuma kwa maandishi na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na unaruhusiwa kuingia na mfanyakazi mwenzako au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Mimi niliitwa saa mbili asubuhi kikao saa nne. Niliingia nikasema kwa utulivu muda huu hautoshi, naomba iandikwe kwenye muhtasari.

Sasa siku. Ukiachishwa kazi una siku 30 kupeleka mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Kama hujafukuzwa ila mgogoro ni mwingine, labda mshahara umezuiliwa, ni siku 60. Ukichelewa itabidi uombe kwanza kuongezewa muda na ueleze kila siku ilikwenda wapi. Unajaza fomu yao iitwayo CMA F.1, unampelekea mwajiri nakala wakusainie wamepokea, ndipo unasajili. Jaza taratibu, kila unachodai kiweke humo, usichoandika utapata tabu kukidai baadaye. Kwanza ni usuluhishi, msuluhishi hahukumu, anawakutanisha tu. Usikose tarehe hata moja, shauri linaweza kufutwa. Na mkisaini makubaliano pale yanawafunga, kwa hiyo soma kila mstari kabla hujafurahia hela.

Wa kukusaidia: kama unakatwa ada ya chama cha wafanyakazi, TUICO kwa watu wa viwanda na biashara au TPAWU kwa watu wa mashamba, anzia huko, ile ada ndiyo kazi yake. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 hawatozi pesa, watakusaidia kuelewa na kukuelekeza. Ukitaka wakili, hakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujatoa hata shilingi, vishoka wamejaa nje ya kila ofisi. Ada iandikwe, risiti upewe. Kama una chini ya miezi sita kazini, mlango wa kuachishwa isivyo halali haukuhusu, ila mishahara na haki nyingine bado unadai. Na mtumishi wa umma wewe njia yako ni tofauti, lazima umalize kwanza rufaa za ndani ya utumishi, usikimbilie CMA.

Siku ya kusajili nenda asubuhi na nakala tatu. Hiyo iliyogongwa mhuri piga picha palepale umtumie dada yako au mama, yenyewe usiikunje mfukoni.