SOMO: Kuchagua gemu la MMORPG ukiwa huku kwetu (inboksi nimefunga)

Wakuu, salaam. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara tisa "nicheze gemu gani la mtandaoni", na katika hao tisa ni mmoja tu aliyesema kama anatumia simu au kompyuta. Nimechoka kuandika jibu lilelile kwa kidole gumba nikiwa nimening'inia kwenye daladala. Naandika hapa mara moja, yaishe.

Kwa mgeni kabisa: MMORPG ni gemu ambalo unaunda mhusika wako na kumwingiza kwenye dunia yenye maelfu ya watu wengine kwa wakati mmoja, na dunia hiyo haisimami ukizima simu. Wewe umelala, wenzako wanachimba madini, wanauziana, wanadhulumiana. Kwa hiyo kuchagua gemu la namna hii ni sawa na kutafuta chumba cha kupanga. Kabla hujauliza rangi ya ukuta, ulizia maji na majirani.

Hatua ya 1: Kifaa. Simu: Old School RuneScape au Albion Online. Kompyuta ya kawaida: hayo mawili, ongeza Guild Wars 2. Kompyuta yenye kadi ya picha ya maana: Final Fantasy XIV, World of Warcraft.

Hatua ya 2: Bando. Watu wanaogopa kwamba kucheza kunakula bando. Hakuli. RuneScape kwenye simu yangu kwa saa nzima haifiki hata MB 50, video moja ya mpira inakula kuliko hiyo. Kinachokula ni kupakua na apdeti. World of Warcraft inataka zaidi ya GB 100 kwenye diski, na siku ya apdeti kubwa utalia. Pakua kwenye faiba ya mtu unayemwamini, au kwa bando la usiku.

Hatua ya 3: Hela. Hapa kuna aina tatu za mwenye nyumba.

Wa kwanza anataka kodi kila mwezi. World of Warcraft ni dola 14.99, yaani zaidi ya shilingi 35,000, ingawa mpaka leveli ya 20 unacheza bure. Wa pili anakuuzia mara moja: Guild Wars 2 haina kodi ya mwezi, gemu la msingi ni bure tangu 2015, unanunua nyongeza (sehemu mpya za gemu) ukipenda. Wa tatu anakuruhusu ulipe kodi kwa jasho la ndani ya gemu. Old School RuneScape ina kitu kinaitwa bondi, unainunua kwa dhahabu uliyoichuma mwenyewe na inakupa siku 14 za uanachama. Albion nayo ina mfumo wa aina hiyo. Kwa kijana asiye na kadi ya benki, huyu wa tatu ndiye mwenye nyumba wake.

Final Fantasy XIV ni kesi ya peke yake. Jaribio lake la bure linakupeleka mpaka leveli ya 70 pamoja na nyongeza mbili kubwa, bila kikomo cha siku. Ni ukarimu wa ajabu. LAKINI ukishalipia akaunti hiyo hata mara moja, jaribio halirudi. Usilipe kwa pupa.

Hatua ya 4: Seva, yaani kompyuta kubwa inayoendesha dunia ya gemu. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo kaeni chini.

Albion ilikuwa na seva moja tu, ya Marekani. Machi 2023 wakafungua ya Singapore. Mimi nikafungua ramani, nikaona Dar iko Bahari ya Hindi, Singapore iko ng'ambo ya bahari hiyohiyo. Nikasema hawa ndio jirani zangu. Sikupima chochote. Nikaunda mhusika, nikajiunga na gildi (kikundi cha wachezaji), nikaanza kujenga maisha.

Pingi, yaani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi kwa milisekunde, ilikuwa 310. Nikadhani ni bando, nikabadilisha laini. 305. Baada ya miezi ndipo nilipofungua cmd (dirisha la kuandika amri kwenye Windows) na kuandika tracert ili nione data yangu inapita wapi, nikakuta inapanda Bahari ya Shamu, inatokea Marseille, Ufaransa, halafu ndiyo inageuka kwenda Asia. Kutoka Kariakoo kwenda Kigamboni kwa kupitia Bagamoyo! Data haipiti kwenye ramani yako ya ukutani. Inapita ilipo kebo, na ndani ya kebo inapita pale mtoa huduma wako alipoingia mkataba.

Na kulikuwa na balaa la pili ambalo hata kebo ya dhahabu isingelitatua. Singapore wako mbele yetu kwa saa tano. Mimi narudi kazini, naoga, nakula, nakaa kwenye gemu saa tatu usiku. Kwao ni saa nane usiku. Gildi yangu nzima imelala. Usiku mmoja navuka zoni nyekundu na dume la ng'ombe limebeba madini ya wiki mbili, wakatokea watu wawili vichakani. Nikabonyeza ujuzi wa kukimbia. Nikaona mhusika wangu amesimama tu, kisha nikaona maiti yake. Zoni nyekundu ukifa wanachukua kila kitu. Nikaita msaada kwenye gumzo la gildi, nikajibiwa saa moja na nusu asubuhi nikiwa kwenye foleni ya Ubungo: "pole".

Aprili 2024 Albion wakafungua seva ya Ulaya. Nikafurahi, mpaka nilipojua kwamba mhusika hahamishiki kutoka seva moja kwenda nyingine. Miezi 13 kapuni. Nilianza upya na shoka la mbao.

Kwa hiyo:
- USICHAGUE seva kwa ramani. Pima. Kwenye kompyuta fungua cmd, andika ping -n 100 kisha anwani ya seva iliyoko mji husika. Usitazame wastani tu, tazama pia tofauti kati ya namba ndogo na kubwa. 170 iliyotulia ni bora kuliko 130 inayorukaruka mpaka 400.
- USIPIME saa nne asubuhi wakati utakuwa unacheza usiku. Pima saa ileile utakayocheza.
- Kabla ya kuunda mhusika, uliza kama anahamishika. Kama hahamishiki, hiyo ni ndoa.
- Wengi wetu jibu litakuwa Ulaya. Tunapishana nao saa moja mpaka tatu tu, na kebo nyingi zinatupeleka huko.

Hatua ya 5: Watu. Tafuta gildi inayocheza saa zako. Ukipata hata Waswahili watatu, gemu baya litakuwa zuri.

Hatua ya 6: Jaribu wiki mbili bila kulipa hata senti.

Maswali chini. Ya maana tafadhali.

---

MtotoWaTemeke: Mkuu gemu gani kali kwa simu?

Mleta somo: Hatua ya 1, mwanzoni kabisa.

MtotoWaTemeke: Sijasoma yote mkuu ni ndefu

Mleta somo: Basi na RuneScape hutaiweza. Kule kazi za kupewa zina maelezo marefu kuliko haya, na ni kwa Kiingereza.

Kaptula: Kuna MMORPG isiyotumia intaneti? Bando zimepanda.

Mleta somo: Hiyo ni daladala isiyo na abiria. Rudi Hatua ya 2, bando si tatizo unavyodhani.

Binti_Makunduchi: Asante sana kwa somo. Naomba kuelewa kitu kimoja. Nina pingi 165 Ulaya. RuneScape iko laini kabisa, lakini Guild Wars 2 napigwa wakati naona kabisa nimeshakwepa. Pingi ni ileile, kwa nini hisia ni tofauti?

Mleta somo: Dada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Old School RuneScape haihesabu vitendo papo hapo. Seva yake inapiga pigo moja kila sekunde 0.6, na kila ulichobonyeza kati ya pigo na pigo kinasubiri pigo linalofuata, kama ngoma. Wewe unachelewa kwa sekunde 0.165, yule wa London anachelewa kwa 0.02, lakini mara nyingi wote mnatua kwenye pigo lilelile. Kwa hiyo mko sawa. Guild Wars 2 ina kukwepa kwa papo hapo, pale kila sehemu ya sekunde ina bei yake. Adui anaanza kupiga, habari inachukua muda kukufikia, unakwepa, kukwepa kwako nako kunasafiri. Kukifika, umeshachapwa.

Final Fantasy XIV iko katikati. Ujuzi mwingi una mapumziko ya sekunde 2.5 kwa hiyo unavumilia pingi, ila mapigo ya ardhini huamuliwa pale mstari unaoonyesha adui anaandaa pigo unapojaa, hata kama mlipuko wenyewe unauona baadaye. Toka mapema. Usisubiri uone moto.

Binti_Makunduchi: Nimeelewa kabisa! Na je, nikiweka faiba bora nitafika 50?

Mleta somo: Hapana, na si kosa la mtu. Mwanga ndani ya nyuzi za kebo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Chukulia kebo ya kilomita 10,000 mpaka Ulaya. Kwenda na kurudi 20,000, hiyo ni milisekunde 100 kabla hata ruta moja haijagusa data yako. Faiba nzuri inakupa utulivu. Umbali haiufuti. VPN (programu ya kupitishia data yako njia nyingine) pia haifupishi bahari, inasaidia tu pale njia ya mtoa huduma wako ina mzunguko wa kijinga kama ule wangu.

Simba_Kisauni: Kaka hapo kwa Asia umetudanganya. Mimi niko Mombasa nacheza seva ya Singapore na pingi yangu ni 190. Somo lirekebishwe.

Mleta somo: Nimeandika mahali gani kwamba haiwezekani? Nimeandika PIMA. Nimeeleza yaliyonipata mimi, kwa mtandao wangu, Dar.

Simba_Kisauni: Sawa lakini wasomaji wataelewa Asia ni mbaya kwa kila mtu.

Mleta somo: Haya, hilo nakubali. Wasomaji: huyu ndugu mtoa huduma wake huenda ana njia ya kwenda mashariki bila kuzunguka Ulaya. Kaka, tuwekee tracert yako hapa, itawasaidia watu wa Mombasa. Ila saa za kulala za Singapore hujazigusa.

Simba_Kisauni: Mimi nafanya zamu ya usiku bandarini. Nacheza saa tisa mchana, kwao ni saa mbili usiku. Wamejaa tele.

Mleta somo: Umenifunga hapo. Hongera.

Wa_Muscat: Assalaam aleikum. Niko Muscat, mdogo wangu yuko Wete, Pemba. Tunataka gemu moja la kucheza pamoja Ijumaa usiku. Yeye ana simu tu, mimi nina kompyuta. Tukutane wapi?

Mleta somo: Waaleikum salaam kaka. Old School RuneScape, bila kufikiri mara mbili. Wa simu na wa kompyuta wanaingia dunia moja, kila mtu na akaunti yake. Kila dunia ina namba, chagueni ya Uingereza au Ujerumani, mwandikie mdogo wako namba hiyo mkutane. Mnapishana saa moja tu. Na tofauti na Albion, kule mkikosana na seva mnahamia dunia nyingine dakika hiyohiyo na kila mlicho nacho. Anzeni na sehemu ya bure, inatosha miezi.

Wa_Muscat: Akifa vitu vyake vinapotea? Ana hasira za karibu.

Mleta somo: Maeneo ya kawaida, kaburi lake linakaa na vitu kwa dakika 15, arudi mbio. Mwambie asiingie eneo la porini la kaskazini, kule ndiko wachezaji wanauana.

Dogo_Boss: Wakuu kuna jamaa anauza akaunti ya RuneScape leveli kubwa elfu 60, ninunue? Nina haraka ya kufika juu

Mleta somo: Hapana.

Dogo_Boss: Mbona watu wananunua

Mleta somo: Kununua akaunti kunavunja masharti ya gemu. Na hata wasipokufungia, aliyeifungua mwanzo anaweza kuirudisha kwake. Elfu 60 yako, shauri yako.

Mama_Junior: Kijana wangu ana miaka 13, ananisumbua na hili la Albion. Nimruhusu?

Mleta somo: Mama, shikamoo. Ningeanza na RuneScape, umri wao wa chini ni 13. Mambo mawili. Kwanza zima gumzo la hadharani kwenye mipangilio, abaki na marafiki tu. Pili, kadi au pesa ya simu isihifadhiwe ndani ya simu yake. Albion mwache akue kidogo, kule kunyang'anywa ndio mchezo wenyewe. Mimi mtu mzima nilinuna siku tatu kwa ajili ya ng'ombe.

Nyota_ya_Goma: Mimi napenda vyombo vya anga. EVE Online vipi kwa pingi ya 220?

Mleta somo: Inafaa. Wachezaji karibu wote wako seva moja, ya London, kwa hiyo swali la seva halipo. Nayo inahesabu kwa pigo la sekunde moja, pingi yako haitasikika sana. Ila jua kwamba kila siku seva inazimwa kwa matengenezo saa tano mchana kwa saa za Greenwich. Kwako Goma ni saa saba mchana.

Kaptula: Mkuu nimerudi, nimesoma yote sasa. Mei 2024 mtandao ulipokufa ulicheza nini?

Mleta somo: Kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika siku moja kule pwani ya Afrika Kusini, ungecheza nini? Nilikaa barazani na mzee tukacheza bao. Aliniangusha michezo sita, na watazamaji wanne wakimshauri yeye tu.

Kaptula: 😂 Na umeme ukikatika katikati ya pambano? Kwetu ni kila jioni.

Mleta somo: Ukiwa kwenye simu, tatizo ni ruta tu. Nunua UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta, ile kama pawabenki, inashika saa tatu hivi. Geuza ruta uangalie kibandiko cha chini: 12V au 9V. Ya kwangu ilikuwa 9V nikaichomekea 12V. Usiniulize kilichotokea.

Kaptula: Ya kwangu imefutika maandishi.

Mleta somo: Soma kwenye adapta yake ya ukutani, palipoandikwa kinachotoka, si kinachoingia.