Somo: jua plastiki ya kuchomelea na ya kugundisha kabla hujaunguza mali ya mtu

Wadau habari za jioni, niko Tanga hapa Ngamiani, kazi yangu kuziba madumu, mabeseni, viti, na boti zikipandishwa nashuka pwani ya Deep Sea kwenye kazi za faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa na resini). Vijana wengi wananiletea vitu vimeshaunguzwa na pasi ya kulehemu wakati havikuwa vya kuchomelewa kabisa, ndo nikaona niweke hapa.

Plastiki ziko za aina mbili. Thamoplastiki ukiipa moto inalainika, ikipoa inakaza, na unaweza kurudia tena: ndoo, dumu, kreti la soda, kiti, bomba la PVC, chupa ya maji. Thamoseti inaiva mara moja tu, minyororo ya molekuli zake inafungana moja kwa moja, ukiirudisha kwenye moto inaungua haiyeyuki, ni kama kitumbua tu kikishaiva hakirudi kuwa uji. Humo kuna mishikio ya sufuria, zile holda nyeusi za taa za kizamani (Bakelite, kazi ya Leo Baekeland mwaka 1907), sahani za melamini na boti za faiba.

Hatua ya 1: geuza kitu chini utafute pembetatu yenye namba. 1 mpaka 6 zote thamoplastiki, 2 na 4 ni polithini, 5 polipropilini, 3 PVC. Namba 7 ni mchanganyiko wa mengineyo, usiiamini.

Hatua ya 2: hamna namba? Pasha msumari kwenye mkaa, ushike na plaizi, gusa mahali pasipoonekana. Ukizama na ukiuvuta unatoka na kijiuzi, hiyo thamoplastiki. Ukigoma pakabaki doa jeusi na harufu inayochoma pua, thamoseti. Melamini yenyewe inanuka kama samaki, sisi wa pwani hatushtuki lol. Fanyia nje jamani, na bomba la PVC usilijaribu hivyo, moshi wake una asidi.

Hatua ya 3: kuziba thamoplastiki. Hapa ndo wengi wanafeli. Dumu la namba 2 linayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, la namba 5 kama 160, na hata ukiziyeyusha pamoja hazishikani, kwahiyo kijiti cha kujazia ukate kwenye kitu cha namba ileile. Toboa katundu kadogo kila mwisho wa ufa usiendelee kukimbia, chimba mfereji wa V, halafu pasha kingo zote mbili na kijiti kwa pamoja mpaka vyote ving'ae kama vimelowa, hapo ndo unakandamiza. Ukipaka juujuu tu, mteja akijaza maji linabanduka kama gamba.

Hatua ya 4: thamoseti ni msasa, kausha, resini (ile ya majimaji inayoganda ikitiwa hadena). Basi.

MASWALI

Mdau wa Makorora: Fundi shikamoo, supa gluu si inatosha kwenye ndoo?
– Marahaba. Hapana mwanangu, polithini na polipropilini zinateleza gundi nyingi, haikai. Gundi ya bomba nayo ni ya PVC tu, inayeyusha bomba lenyewe ndo linashikana.

Mdau wa Pangani: Kaka boti langu la faiba lina ufa, nilichomelee au?
– Usithubutu. Piga msasa upana mzuri kuzunguka ufa, likauke kabisa maana maji ya chumvi yakibaki ndani resini haishiki, kisha mkeka wa faiba tabaka kwa tabaka. Hadena (dawa ya kugandisha) ya resini ya poliesta weka asilimia 1 mpaka 2, kwa joto la kwetu ukizidisha inachemka kwenye kopo na kupasuka. Na kama resini yako haijatiwa kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda), usije ukachanganya kobalti na hadena zenyewe kwa zenyewe, inalipuka. Kobalti inatangulia kwenye resini, unakoroga, ndo hadena.

Mama wa Chumbageni: Sahani za melamini naweza kupashia chakula kwenye maikrowevu?
– Hapana dada, zinapata moto zenyewe na dawa yake inaweza kuhamia kwenye chakula. Kupakulia sawa.

Mdau wa Muheza: Tairi je? Mnunuzi wa skrepa kanikatalia kuchanganya na madumu.
– Yuko sahihi kaka. Mpira wa tairi umepikwa na salfa, nao hauyeyuki tena. Mishikio ya sufuria itoe pia, kipande kimoja kikiingia kwenye mashine kinabaki kokoto ndani ya ndoo mpya.