Kutengeneza mwenyewe jalada la kitabu chako

Kabla hujawasha kompyuta, amua msomaji atakutana na kitabu chako wapi. Riwaya yangu, ya familia mbili zinazogombea shamba la zabibu kule Hombolo, inauzwa sehemu mbili: kwenye meza za wauza vitabu hapa Dodoma mjini, na kwenye stetasi ya WhatsApp. Mezani mtu anapita na haraka zake, anakitazama kitabu akiwa hatua tatu nne. Kwenye simu, jalada zima halizidi ukubwa wa kucha ya dole gumba. Likishindwa kusomeka katika hali hizo mbili, bado una kazi.

Anza na picha, na chagua kitu kimoja tu kutoka ndani ya hadithi. Nawasihi waandishi wenzangu tuachane na ule mgunga uliosimama mbele ya jua linalozama. Umewekwa kwenye vitabu vingi mno vya Afrika na hausemi lolote kuhusu kitabu chako. Hata mbuyu, ambao huku tunao tele, usiuweke kwa sababu tu unaishi Dodoma. Uweke kama kuna jambo zito limetokea chini yake. Mimi nilichukua mkasi wa kupogolea, maana ugomvi wote katika hadithi unaanza siku mtu anapopogoa mizabibu isiyo yake. Niliutundika kwenye waya wa shamba, nikasogea karibu mpaka likaonekana vumbi jekundu lililonasa kwenye springi na mpini uliochakaa upande wa kidole gumba. Ule uchakavu ndio unaomfanya mtu ajiulize mkasi huu ni wa nani.

Piga picha asubuhi kabla ya saa mbili, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Jua letu la saa sita linafanya vivuli viwe vyeusi tii na anga iwe nyeupe pe, na hakuna programu ya kuliokoa hilo. Shika simu wima, usivute kwa zumu, sogea kwa miguu yako. Theluthi ya juu iache tupu, ndipo jina litakapokaa. Kwa kitabu cha A5, yaani milimita 148 kwa 210, chenye ubora wa nukta 300 kwa inchi, jalada la mbele linahitaji pikseli 1748 kwa 2480, kwa hiyo simu ya megapikseli 12 inatosha kabisa. Ukimtumia mtu picha hiyo kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo itabanwa ipoteze ubora. Na picha ya kuokota mtandaoni usiiguse bila ruhusa: ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda.

Maneno sasa. Maneno ya Kiswahili ni marefu. Kitenzi kama “Walivyotunyang'anya” kinajaza upana wote wa jalada hata kabla herufi hazijawa kubwa. Tafuta fonti nyembamba yenye herufi nene, panga jina kwenye mistari miwili au mitatu, na usikate neno katikati. Fonti mbili zinatosha kitabu kizima, moja ya jina la kitabu na nyingine ya jina lako. Kwa kazi hii programu za kompyuta za GIMP, Inkscape na Scribus zote ni za bure.

Tengeneza rasimu mbili, zichapishe stesheneri, kisha mpelekee muuza vitabu bila kumweleza kitu. Rasimu yangu moja ilikuwa na miale ya jua juu ya shamba. Aliitazama akaniuliza, “Mwalimu, hiki ni cha mahubiri?” Ile ya mkasi akaishika, akageuza nyuma kusoma. Hapo haukuhitajika mjadala.

Mgongo wa kitabu unahitaji hesabu. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, na kila karatasi ina kurasa mbili. Kurasa 160 ni karatasi 80, yaani mgongo wa milimita 8. Jumlisha nyuma 148, mgongo 8, mbele 148, na milimita 3 za kukatwa kila upande: upana 310, kimo 216. Muulize mchapaji unene halisi wa karatasi yake kabla ya kufunga hesabu. Maandishi ya mgongoni yaelekee chini, ili kitabu kikilazwa uso juu jina lisomeke sawasawa. Mgongo mwembamba sana uache mtupu.

Nyuma weka aya moja au mbili zinazomwacha mtu na swali, basi. Namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ina tarakimu 13 na inaanza na 978. Msimbo wake wa mistari uwe mweusi juu ya kisanduku cheupe. Usiupake nyekundu ufanane na jalada, kwa kuwa skana nyingi zinatumia mwanga mwekundu na mistari hiyo hazitaiona.

Geuza rangi kuwa CMYK, yaani mfumo wa rangi nne za wino wa mchapaji, hifadhi PDF, na usikubali nakala zote zichapwe kabla hujapewa sampuli moja iliyochapwa kwa karatasi ileile ya jalada. Kijani na bluu kali za kwenye kioo hufifia zikiwa wino. Ipeleke sampuli nje juani, pima mgongo kwa rula, hakikisha hakuna herufi iliyokaribia ukingo, kisha ndipo utie sahihi.